Mstari Mmoja Mdomoni mwa Jaji

Watu wanasema Enoch Thurlow alikuwa mtu mbaya. Wanaosema hivyo hawakufanya naye kazi. Mimi nilikaa meza ya mbele yake miaka mingi, mgongo wangu kwake, nikasikia kila alivyoguna na kila alivyosonya, na nawaambia hakuwa mbaya hata kidogo. Alikuwa na wivu, basi. Wivu wenyewe ule wa kumkosesha mtu hamu ya kula. Mtu mbaya angekula akashiba.

Mimi ni Barnabas Oakley, na kazi yangu ilikuwa kuhamisha picha. Mchongaji anachonga stempu moja tu, kinyume, kwenye kipande cha chuma kisichozidi kiganja. Kipande hicho karakanani tulikiita mama, kwa sababu stempu zote zilizaliwa humo. Nikishakiunguza kikawa kigumu, nakibana na gurudumu la chuma laini mpaka gurudumu liibebe picha, kisha na lenyewe naliunguza, nalibana kwenye bamba kubwa mara nyingi, mstari kwa mstari, na bamba hilo ndilo la kuchapia. Siku hizi serikali inajichapishia stempu zake huko Washington na vijana hawaijui zabuni ilivyokuwa. Wakati wetu Posta ilitangaza kazi kila baada ya miaka kadhaa, kampuni za hapa New York zikapeleka bei zao kwenye bahasha zilizopigwa lakiri, na aliyeandika bei ndogo kwa kila stempu elfu moja ndiye aliyepata mkataba. Aliyekosa alifunga idara nzima, na sisi wa chini tukafungasha pamoja naye.

Enoch alikuwa mtu wa herufi. Baba yake alichora namba kwenye nyuso za saa huko Connecticut, na yeye mkono aliurithi. Mpe nafasi ya ukucha wa kidole cha mwisho, atakuandikia humo neno zima kinyume, na likichapwa utalisoma bila miwani. Herufi, namba za bei, fremu, majani yanayojizungusha pembeni, ile mistari ya nyuma myembamba kama unywele: vyote vilikuwa vyake. Alikuwa mrefu, amepinda mabega, na alitafuna karafuu mchana kutwa kwa sababu ya jino moja aliloogopa kuling'oa.

Kitu kimoja tu hakupewa kuchonga, nacho ni kichwa.

Katika kazi yetu mtu wa vichwa ndiye bwana. Yeye hukaa kwenye dirisha la kaskazini, ambako mwanga hautikisiki asubuhi mpaka jioni. Watu wa herufi wako nyuma, na taa, na mbele ya taa tufe la kioo lililojazwa maji ili mwanga ukusanyike pale kwenye chuma. Macho yanaoza mapema huko nyuma. Enoch aliitazama ile nuru ya dirishani namna watu wengine wanavyoitazama nyumba ya jirani mwenye pesa.

Tulikuwa wote kwenye kampuni ya mzee Ostrander wakati Lysander Pell alipoletwa kutoka Philadelphia awe mtu wa vichwa. Kijana, nywele kazigawa katikati, kola nyeupe hata siku ya Jumamosi. Nitasema ukweli ingawa sikumpenda: mkono alikuwa nao, na hakumtukana mtu. Lakini kabla wiki haijaisha alikuwa ameshakuwa Bwana Pell, wakati Enoch, na umri wake wote ule, hata mfagiaji alimwita Enoch.

Wakachonga pamoja stempu ya jaji. Jaji huyo alikuwa marehemu tayari, maana sheria haitaki mtu aliye hai kwenye stempu. Pell alichonga kichwa, Enoch akachonga kilichobaki, yaani karibu stempu yote ukiipima kwa rula. Ilipotoka nakala ya kwanza, karakana ikafanya desturi yake: kila mtu alichukua kifaa chake akagonga mezani. Kwetu hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko nyongeza ya mshahara. Waligonga wakimtazama Pell.

"Kichwa hicho cha Pell kitatembea nchi nzima," akasema mzee Ostrander.

"Kitatembea kwa nauli yangu," Enoch akajibu kutoka nyuma. "Hebu itoe hiyo namba niliyochonga mimi chini, tuone kama kichwa chake kitaifikisha barua hata Brooklyn."

Watu wakacheka. Pell naye akacheka, akaja mpaka kwenye meza yetu, akainama kwa adabu.

"Mzee Enoch, fremu yako nimeipenda sana. Imekishika kichwa changu vizuri."

Kusema kweli nadhani kijana alitaka kusifu. Lakini Enoch alisikia anavyotaka kusikia. Tangu siku hiyo nikawa naambiwa mimi. Pell amechelewa na hakuna aliyemwuliza. Pell amenunuliwa lenzi mpya. Pell amekohoa na Ostrander kamfungia dirisha kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwambia, "Enoch, unamchunga yule kijana kuliko mama yake." Akasonya, akanigeuzia bega.

Jumapili moja nilikula kwao. Mkewe, Bi Keziah, alikuwa mwanamke mnene mcheshi, anapika nyama ya chumvi na kabichi mpaka unajilamba. Enoch hakuwa amemaliza hata tonge la kwanza akaanza: Pell hivi, Pell vile.

"Shemeji Barnabas," Bi Keziah akaniambia huku ananiongezea viazi, "huyo Bwana Pell ana urefu gani?"

"Wa kawaida. Kwa nini?"

"Nataka kujua kama blanketi litamtosha. Maana kitandani mwetu tumekuwa watatu."

Nilicheka mpaka kabichi ikanipalia. Enoch hakucheka. Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni na karafuu zake.

Sasa ikaja zabuni ya mwaka 1873. Ostrander alikuwa na uhakika nayo mno, akaandika bei yake ileile ya zamani. Fenwick wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajawahi kuchapa hata stempu moja maishani mwake, aliteremka bei mpaka watu wakasema amelewa. Alichukua kazi. Na kwa kuwa mama wote na mabamba yote ni mali ya serikali, siyo ya kampuni, likaja gari la farasi na walinzi wawili, vikatolewa kwetu kasha kwa kasha na kuvushwa barabara. Tulisimama kwenye ngazi tukivitazama. Mzee Ostrander hakutoka ofisini kwake.

Fenwick alitaka watu. Wahamishaji alitaka, mtu wa herufi alitaka, kwa sababu kwenye mabamba mapya lazima jina la kampuni libadilishwe pembeni. Mtu wa vichwa wa nini? Vichwa vyote vimeshachongwa. Tukachukuliwa mimi na Enoch. Pell akaachwa.

Jamani, Enoch alivyofurahi. Mtu huyu hajawahi kuninunulia hata bia, siku hiyo alinivuta mpaka kwenye kibanda cha chaza, akaagiza sahani mbili, akamimina siki, akala anatabasamu. Baada ya wiki chache akaniletea habari. Pell yuko mtaa wa Fulton, anachonga vibao vya majina vya milangoni: Daktari fulani, Wakili fulani.

"Unaelewa maana yake, Barney?" akaniuliza, macho yanamng'aa. "Anachonga herufi."

"Na wewe umejuaje?"

"Nilikuwa napita."

Mtaa wa Fulton haukuwa njia yake hata kwa kuzunguka. Alikwenda kumsalimia mwenzake apate kumwona anavyoteseka. Mambo hayo ndiyo yaliyowafanya watu wamwite mbaya.

Kwa Fenwick dirisha la kaskazini lilikuwa kubwa zaidi, na kiti chake kilikuwa kitupu. Enoch hakukiondolea macho. Mwisho alijikaza akamwendea Fenwick mwenyewe. Fenwick alikuwa mtu wa haraka, anazungumza huku anatembea. Akamwambia, "Nitazame kwanza kazi yako. Kuna shughuli moja nyeti inakuja. Ukiifanya vizuri, kiti ni chako." Enoch alirudi mezani. Umri wake wote alikuwa akikingoja kiti hicho, na sasa kilikuwa hatua chache tu mbele yake, na hakuna Pell.

Shughuli yenyewe aliileta msimamizi wetu, Gideon Sprague. Alitufungia mlango mimi na Enoch, akatoa Biblia mfukoni mwa koti, akatuapisha kwanza ndipo akasema. Posta ilikuwa bado inauza stempu za Ostrander zilizobaki. Siku wakija kulalamika kwamba rangi imefifia au gundi haishiki, Fenwick alitaka ajue mara moja kama stempu ni yake au si yake. Kwa hiyo kila mama atiwe alama ya siri, kitu kidogo ambacho asiyeambiwa hatakiona. Wa kwanza ni jaji.

"Mstari mmoja," Sprague akasema. "Weka kwenye majani, chini kushoto. Kichwa usikiguse."

Majani hayo yalikuwa ya Enoch. Alikuwa ameyafanyia kazi majira yote ya baridi.

"Kwa nini kwenye majani?" akauliza.

"Kwa sababu hakuna anayeyatazama."

Sprague hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Lakini nilimwona Enoch akimeza ile karafuu.

Basi nikampika yule mama wa jaji. Chuma kilichounguzwa hakikubali kalamu ya kuchongea, lazima ukilainishe upya: unakifukia ndani ya kasha la mkaa wa mifupa, unakitia motoni polepole, unakiacha kipoe chenyewe. Ukiharakisha kinapinda, na hapo umepoteza mali ya serikali. Kilitoka salama. Nikampa Enoch, naye kwa kazi hiyo aliruhusiwa kukaa dirishani. Alikaa. Alijivuta vuta kitini, akapapasa kingo za meza, akageuza mama huku na huku kwenye ule mwanga mtulivu. Nilimwacha nikaenda kwenye mashine yangu.

Niliposikia anacheka nikajua pameharibika. Enoch hakuwa mtu wa kucheka peke yake.

Nikaenda na lenzi. Kwenye majani, chini kushoto, palikuwa na mstari mdogo safi, kama alivyoagizwa. Nikapandisha lenzi juu. Kwenye pembe ya mdomo wa jaji palikuwa na mwingine. Mfupi, umekunjika mwishoni, umekatwa kwa nguvu.

"Enoch. Umefanya nini?"

"Nimemtia alama na yeye. Kwa nini nikwaruzwe mimi tu?" Alikuwa ananong'ona, lakini uso wote umemwiva. "Kila nilipomtazama yule jaji nilimwona Pell. Nimemlegeza mdomo. Sasa atazunguka nchi nzima anafanana na mlevi anayetafuta kofia yake."

"Watakufukuza. Watakufunga."

"Nani? Wao wanajua mstari wa majani. Wakiuona uso umeharibika watasema kichwa kilikuwa hivyo tangu mwanzo, na Ostrander alikuwa akikificha kwa wino mzito. Watasema Pell hakuwa lolote. Alama ni siri, Barney, tumeapa. Siri itanilinda."

Nifanye nini? Mstari kwenye chuma haufutiki kwa mkate kama wa penseli. Nikamchukulia mchapaji mama, nikasimama kando. Akampaka wino, akaufuta, akaweka karatasi, akazungusha. Akaibandua nakala kwa ncha za vidole na kuilaza mezani.

Nilikuwa nimemhamisha yule jaji mara zisizo na idadi, na siku zote nilimwona amefunga uso kama duka siku ya Jumapili. Kichwa kizuri, ndiyo. Kila unywele mahali pake. Sasa mtu huyu alikuwa hai. Ile pembe ya mdomo ilikuwa imevutwa kidogo, na ungesema kasimama wakili mbele yake anamwongopea, na yeye anajizuia asicheke. Macho ambayo hakuna aliyeyagusa yakawa na akili. Niligeuka nikamwangalia Enoch. Cheko lilikuwa limemkauka.

Sprague akaitazama ile nakala muda mrefu. Akatafuta mstari wa majani, akauona, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akarudi kwenye uso. Akatoka, akarudi na Fenwick, na Fenwick akamwita ofisa wa serikali aliyekuwa akikaa pale kiwandani kuhesabu stempu, mtu mwenye ndevu ambaye sijawahi kumsikia akisifu kitu zaidi ya kahawa.

"Huyu ni jaji yuleyule?" ofisa akauliza.

"Yuleyule," Fenwick akasema, amevimba kichwa. "Tofauti ni uchapaji. Ostrander walikuwa wanamsonga kwa wino wao mbaya, bwana. Kazi ya mchongaji ndiyo kwanza inaonekana leo. Sprague, ni nani aliyekichonga kichwa hiki?"

"Pell. Lysander Pell."

Karakana ikaanza kugonga. Meza ya kwanza, ya pili, zote, kelele tupu, kwa ajili ya mtu ambaye wakati huo alikuwa mtaa wa Fulton anachonga jina la daktari wa meno. Enoch alisimama katikati ya zile kelele mikono imemning'inia.

"Mleteni," Fenwick akasema. "Kabla kampuni nyingine hazijaiona stempu hii. Akae pale dirishani."

"Bwana," Enoch akasema. Kelele zilimmeza, ikabidi arudie. "Bwana Fenwick. Kiti kile uliniambia mimi."

Fenwick akamshika bega, na alimshika kwa upole, nadhani hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Enoch, mstari wako wa majani nimeuona, ni safi kabisa. Kwenye herufi hakuna wa kukushinda. Lakini mtu akiwa na mkono kama huu, nimwache nje?" Akaigonga ile nakala kwa ukucha, pale pale mdomoni.

Jioni tulitembea pamoja mpaka kivukoni. Tukasimama kwenye kamba za meli.

"Nimekuwa nikiomba miaka yote wanigongee meza mara moja," akasema. "Mara moja tu. Leo wamenigongea, na sifa kala Pell. Hata kumharibia nimeshindwa, Barney. Roho inaniuma nashindwa kuvuta pumzi."

Nilimpa tumbaku.

Pell akaja Jumatatu na kola yake nyeupe. Watu wakamgongea, akainama, akaketi dirishani, akashukuru. Baadaye akaomba amwone jaji, kwa kuwa alisikia kila mtu anamtaja. Mimi ndiye niliyempelekea nakala. Alitabasamu, akaweka lenzi jichoni, akainama juu yake. Hakuinuka upesi. Alipoinuka, lile tabasamu halikuwapo. Alinishukuru bila kunitazama.

Siku zilizofuata sifa zilimiminika, na kila aliyemsifu alizidi kumkondesha. Aliacha kwenda kula na wenzake. Nilimwona akichonga midomo kwenye chuma chakavu, mdomo baada ya mdomo, na kuikwaruza yote. Enoch naye nyuma yangu anaguna: "Mtazame. Kapewa kila kitu na bado kanuna." Basi niko katikati ya watu wawili wanaojitafuna, na kazi lazima iendelee.

Kisha adhuhuri moja, wenzetu wakiwa wamekwenda kula, Pell akaja mezani kwetu. Alikuwa hajanyoa. Aliiweka ile nakala mbele ya Enoch, juu ya herufi alizokuwa akichonga.

"Nani amekigusa kichwa changu?"

Enoch akaisukuma nakala itoke juu ya herufi zake.

"Mstari huu wa mdomo si wangu," Pell akasema. "Kichwa hiki nilikitafutia uhai nikaukosa. Nilijua nimeukosa, mlipokuwa mkinigongea meza nilijua. Sasa mtu kaja, kakata mara moja, kakipatia. Mimi silali. Nimewapitia kichwani wachongaji wote wa mji huu, na wa Philadelphia, na yule Mjerumani wa Boston. Niambieni ni nani, nikamtazame tu uso."

"Hukunifikiria mimi?" Enoch akauliza.

Pell akacheka kidogo, bila ubaya. "Wewe, mzee? Wewe ni mtu wa herufi."

Hapo Enoch akainuka, mrefu kama alivyo, tufe la maji likatikisika.

"Ni mimi. Nilikaa kwenye kile kiti chako nikakukata. Sikutaka kukitengeneza, usijidanganye. Nilitaka kukuharibia. Nilitaka nchi nzima ikucheke. Nimekuonea wivu tangu siku ulipoingia na hizo nywele zako, ukitaka kujua."

Pell akanigeukia. "Kweli, Barnabas?"

"Kweli," nikasema. "Mama alikuwa mkononi mwangu kabla na baada."

"Wewe ni rafiki yake. Utasema lolote." Lakini alikuwa ameshaanza kuamini, maana midomo ilimkauka. Akaenda dirishani, akarudi na kipande cha chuma. Alikuwa amemchonga jaji upya juu yake, uso mzuri uliokufa, umekamilika wote isipokuwa mdomo. "Basi chonga. Njoo ukae kwenye kiti changu, uchonge mstari ule ule."

Enoch akaenda. Wenzetu walikuwa wanaanza kurudi, makombo ya mkate kwenye ndevu, wakaona mtu wa herufi amekaa dirishani na Bwana Pell amesimama nyuma yake kama mwanafunzi, wakasogea. Hakuna aliyeambiwa kitu, lakini karakana hunusa. Sprague naye akaja, akasimama mwishoni.

Nilimwombea, nasema ukweli. Mwanga ulikuwa mzuri, kalamu nilimnolea mimi asubuhi ile. Na Enoch alitaka. Alitaka kwa moyo wake wote kuchonga mstari mzuri, uliotulia, wa kumpa yule jaji wa pili uhai mbele ya watu wote. Alipumua, akaweka ncha kwenye chuma, akasukuma taratibu, kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Kisha akainua mkono.

Mstari ulikuwa safi. Ulikuwa na upana mmoja mwanzo mpaka mwisho, kingo zake zimekatwa sawasawa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hiyo ni herufi I," na watu wakaangua kicheko.

Pell hakucheka. Alishusha pumzi, na nilimwona mabega yake yakilegea, rangi inamrudia. Alimwekea Enoch mkono mgongoni. Alikuwa amepona, na mtu aliyepona huwa mwema.

"Usijali, mzee," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Kazi ya kichwa haitaki wivu. Inataka roho nyeupe."

Enoch akapuliza vumbi la chuma, akaweka kalamu chini, akainuka kwenye kile kiti bila kukipapasa.

"Ile ilitaka wivu," akasema. "Ulipoichonga wewe, hukuwa na mtu wa kumwonea wivu." Akamvutia Pell kiti. "Sasa unaye. Kaa uchonge."

Pell akakaa. Watu wakarudi mezani kwao, Sprague akasonya, mashine zikaanza. Mchana ule wote nilikuwa nageuka kumtazama pale dirishani, kalamu mkononi na uso mwingine usio na mdomo mbele yake, na sikumwona akigusa chuma. Nyuma yangu Enoch alikuwa amewasha taa yake, anachonga jina la kampuni, anapiga mluzi.